Sheria ilipoingia bomani: wajane na mawakili wa Homa Bay na Migori

Kwa miaka mingi, mjane wa Homa Bay au Migori aliyefukuzwa kwenye shamba la marehemu mumewe alikuwa na sheria ya kumtetea, ila hakuwa na uwezo wa kuifikia. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 1972, ilianza kutumika Julai 1, 1981. Ilimtanguliza mjane katika kuomba usimamizi wa mali, na akiwa na watoto ikampa haki ya kuitumia maisha yake yote, mradi asiolewe tena.

Kufika mahakamani ndiko kulikowashinda wengi. Hakimu wa mji mdogo aliruhusiwa kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi 100,000. Iliyozidi ilikwenda Mahakama Kuu, yaani safari ya Kisii au Kisumu. Kulikuwa pia na barua ya chifu, cheti cha kifo, tangazo katika Gazeti Rasmi na miezi ya kungoja. Huku nyumbani, mjane aliyekataa tero, yaani kurithiwa na ndugu wa mumewe, aliambiwa hana tena lake bomani.

Ukimwi ulizidisha idadi ya wajane, na baadhi yao wakalaumiwa kuwa ndio waliowaua waume zao. Mwaka 2009, shirika la kisheria la KELIN lilianza kufanya kazi na wazee wa Kiluo Homa Bay na Kisumu. Wazee na wajane walifunzwa haki za binadamu, kisha wazee wakasuluhisha mizozo papo hapo kijijini. Mzee anaijua mipaka ya shamba na ndoa za ukoo, na shemeji humsikiliza kuliko barua ya wakili. Kwa aliyekaidi, bado mahakama ilikuwapo.

Katiba ya 2010 ikaupa nguvu mwendo huo: kifungu cha 159 kinahimiza usuluhishi wa kimila, ila usivunje haki za mtu. Mwaka 2015 mamlaka ya hakimu mkuu yalipanda hadi shilingi milioni 20, na mwaka 2016 Sheria ya Msaada wa Kisheria ikawatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Leo Mahakama Kuu huketi Homa Bay na Migori.

Hata hivyo, maafikiano ya wazee hayabadilishi jina kwenye hatimiliki. Hapo ndipo wakili wa kujitolea anapohitajika: kuchukua saini za ukoo uliokwisha kupatana, kujaza fomu na kufuatilia faili mpaka shamba lihamishwe. Kazi hiyo isipomalizika, watoto wa mashemeji watakuja kuuanza upya ugomvi ambao baba zao waliumaliza.