Nyumba Zilizozunguka Zizi: Historia ya Ujenzi wa Makazi Kegonga na Nchi Jirani

Kegonga ni mji wa Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, katika nchi ya Wanyabasi, mojawapo ya sehemu nne kuu za Wakuria wa Kenya. Kusini ni mpaka wa Tanzania, mashariki ni Trans Mara ya Wamaasai, na magharibi ardhi inateremka kuelekea kwa Wajaluo na Ziwa Viktoria. Anayeitazama nchi hii kwa jicho la msanifu majengo hulazimika kuanza na uwanja kabla ya nyumba. Kwa karne kadhaa, kilichosanifiwa hapa kwa uangalifu mkubwa zaidi ni mpango wa boma zima: lango liwe wapi, ng'ombe walale wapi, mlango wa nani utazame wapi. Nyumba moja moja ilijengwa ikijulikana kwamba itachakaa na nyingine itasimamishwa pembeni yake.

Ushahidi wa kale ambao bado umesimama uko kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Hapo ndipo ilipo Thimlich Ohinga, mkusanyiko wa maboma ya mawe ambayo huenda yalijengwa katika karne ya 16. Serikali ya Kenya iliitangaza kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Si boma la pekee. Watafiti wamehesabu maeneo 138 ya namna hiyo katika iliyokuwa Nyanza Kusini, yenye zaidi ya maboma 500, ila Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri kuliko zote. Ina maboma makuu manne, na lililo kubwa kupita yote huitwa Kochieng.

Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa mita moja. Hazina chokaa, hazina udongo wa kuunganishia, wala mawe yake hayakuchongwa. Zimesimama kwa sababu ya namna zilivyopangwa: safu ya mawe makubwa upande wa nje, safu nyingine upande wa ndani, na katikati mawe madogo yaliyojazwa hadi yakabana. Safu hizo tatu hushikana kwa uzito wake zenyewe, na mvua hupenya na kutoka bila kuleta madhara. Kwa kuwa ukuta hauna msingi uliochimbwa, wajenzi waliupinda ufuate mviringo na mipindo, maana ukuta wa mawe makavu uliopinda haupinduki kwa urahisi kama ulionyooka. Milango ni mifupi, imewekewa mawe marefu juu kama vizingiti, na mtu mzima hana budi kuinama ili apite. Adui anayeingia ameinama hawezi kuingia akipigana. Ndani kulikuwa na mazizi, mahali pa nyumba za watu, na sehemu ya kufulia chuma. Jamii zilizoishi humo zilipokezana, Wabantu wa zamani na Wajaluo waliokuja baadaye, na kila waliofika walikarabati walichokikuta. Hadi katikati ya karne ya 20 bado kulikuwa na watu wanaoishi katika maboma hayo.

Juu kwenye nyanda za Wakuria, kazi hiyohiyo ya ulinzi ilifanywa kwa miti. Nyumba za msonge zilipangwa kuzunguka zizi, na nafasi kati ya nyumba na nyumba zikazibwa kwa ua. Ng'ombe walilala katikati, watu pembeni, na mwizi aliyetaka mifugo alipaswa kwanza kupita walipolala wenyewe. Mpango huo ulikuwa na sababu nzito. Wizi wa ng'ombe kati ya sehemu na sehemu za Wakuria, na kati yao na Wamaasai, ulikuwa jambo la kila kizazi, na ng'ombe ndio mahari, ndio akiba, ndio jina la mtu. Hakuna njia nzuri ya kuielewa nyumba ya Mkuria bila kuanza na zizi lake.

Kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo ilikuwa na mashamba yake, ng'ombe wake na urithi wa wanawe. Mume hakumiliki nyumba moja kubwa yenye vyumba vingi. Alikuwa na uwanja wenye nyumba kadhaa, na kila nyumba ilikuwa kama shirika dogo lenye mali yake. Ndiyo maana hata mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza, kwa desturi ambayo ng'ambo ya mpaka huitwa nyumba ntobhu, kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine azae kwa ajili ya nyumba hiyo, isije ikafungwa. Msanifu wa leo anayechora nyumba ya familia ya vyumba vitatu vya kulala, sebule na jiko chini ya paa moja, anabeba dhana tofauti kabisa ya familia ni nini.

Kwa majirani Wajaluo wa Migori na Homa Bay, mpango wa boma, yaani dala, ulifuata cheo kwa ukali zaidi. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ilisimama sehemu ya juu ikilitazama lango. Nyumba za wake waliofuata zilipangwa pande zake mbili kwa zamu, na simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, zilikuwa karibu na lango. Mwenye boma alikuwa na duol, nyumba ndogo karibu na zizi, ambamo aliota moto na wanawe na kupokea wageni. Kijana aliyekwisha kuoa na kupata watoto hakuendelea kukaa katika simba maisha yake yote, bali alitoka na kuanzisha dala lake mahali papya kwa taratibu zilizowekwa. Kwenye kilele cha paa la msonge kulikuwa na mti uliochomoza, osuri, na kutokuwapo kwake kuliwaambia wapita njia kwamba mwenye nyumba amefariki.

Ujenzi wenyewe ulikuwa kazi ya ujirani. Wanaume walikata nguzo, wakazisimika katika mashimo yaliyofuata duara, wakafunga fito kwa kamba za magome pande zote mbili za nguzo. Udongo ulikandwa kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwakatwa, ukasukumwa kati ya fito hadi ukajaa. Ukuta uliachwa ukauke, ukapasuka, nyufa zikajazwa, na hapo ndipo wanawake walipoingia kusiriba: udongo laini, mchanga na kinyesi cha ng'ombe vikichanganywa na kupakwa kwa kiganja. Kinyesi kina nyuzinyuzi za nyasi zilizosagwa, nazo hushika udongo usipasuke tena. Sakafu ilisiribwa vivyo hivyo, na kazi hiyo ilirudiwa mara kwa mara, hasa kabla ya sherehe.

Paa ndilo lililohitaji fundi. Fito zilikutana kileleni, zikafungwa pete za fito nyembamba, kisha nyasi zikapangwa kuanzia chini kwenda juu ili kila tabaka lifunike mafundo ya tabaka la chini. Mteremko wake ulikuwa mkali kwa sababu nyasi zikilala sana huoza: maji hayana budi kuondoka upesi. Paa liliachwa litokeze nje ya ukuta kwa hatua nzima au zaidi, likashikwa na nguzo za nje, na kivuli hicho cha upenu ndicho kilichoukinga ukuta wa udongo na mvua ya mshazari. Moshi wa mafiga ulipanda na kutoka kupitia nyasi zenyewe, ukiua wadudu na kuzikausha nguzo. Nyumba ya namna hii ilikuwa na giza na moshi mwingi, na macho na mapafu ya wanawake yaliteseka; hilo lazima lisemwe bila kuficha. Lakini kwa baridi ya usiku wa Kuria ilikuwa na joto, na mchana ilikuwa na ubaridi.

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1886 ulichora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria na kuwagawa Wakuria katika himaya mbili. Kilichoigusa nyumba kwa karibu zaidi, hata hivyo, kilikuwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1901, ikihesabiwa kwa kila nyumba. Mwanamume mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, mtu alikuwa na sababu ya fedha ya kufikiria mara mbili kabla ya kusimamisha nyumba nyingine uwanjani.

Ukoloni ulipozidi kujikita, vita vya wazi kati ya jamii vilipungua na ngome zikapoteza kazi yake. Wajaluo waliacha kujenga kwa mawe wakapanda minyaa kuzunguka madala yao, na ua huo wa miti hai ungali umeenea Migori na Homa Bay hadi leo. Kuria wizi wa ng'ombe haukuisha, ila mtutu wa bunduki ulipochukua nafasi ya mkuki, ua wa miti haukuweza kumzuia mwizi kama zamani. Ulinzi ukahamia kwa watu: mikutano ya iritongo, yaani baraza la jamii, na doria za sungusungu, walinzi wa kijiji.

Bati la mikunjo lilivumbuliwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za namna hiyo zilipata njia ya kuingia nchi za ziwa, na bati likaonekana kwanza kwenye ofisi, maduka ya Wahindi, makanisa na shule. Bati ndilo lililoua duara. Ni karatasi ndefu iliyonyooka, haiwezi kufuata paa la pia bila kukatwa vipande vingi na kupoteza sehemu yake, kwa hiyo aliyetaka bati alilazimika kujenga pembe nne. Watu husema nyumba ya mraba ililetwa na wamisionari, na ni kweli kwamba walimu na waumini wao walikuwa wa kwanza kuijenga, lakini umbo lake liliamuliwa zaidi na vipimo vya kiwandani. Mabati Rolling Mills ilipoanzishwa Kenya mwaka 1962, bati lilikuwa limekwisha kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuonekana kwa macho. Baada ya Sheria ya Kuamua Haki za Ardhi (Land Adjudication Act) ya 1968, mashamba yalipimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu. Boma ambalo zamani lingehama likiwa limechoka, ardhi imepungua rutuba au kifo kimeliandama, sasa lilifungwa ndani ya mipaka ya hati. Nyumba ilianza kutakiwa idumu kwa sababu mwenyewe hakuwa tena na pa kuhamia.

Fedha za kujengea nyumba hiyo, kwa wengi wa Kuria, zilitoka kwenye tumbaku iliyolimwa kwa mkataba na kampuni. Mabani ya kukaushia yakawa jengo jipya katika kila shamba: marefu, yasiyo na madirisha, kuta za udongo au matofali, na mabomba ya kupitishia joto sakafuni. Yalikula kuni nyingi mno. Matofali ya kuchoma yalipoingia, tanuri nazo zikadai kuni zilezile, na miti ya asili ambayo zamani ilitoa nguzo ngumu zisizoliwa na mchwa ikaadimika. Mkaratusi ndio uliobaki, na mkaratusi mchanga ambao haujatiwa dawa hauvumilii mchwa. Nyumba za udongo za leo huchakaa upesi kuliko za zamani, na lawama hutupiwa udongo ilhali kosa liko kwenye mti.

Saruji ilileta kosa jingine, nalo ndilo linaloonekana zaidi katika ukarabati. Mwenye nyumba ya udongo yenye bati akipata fedha kidogo, hupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo ili ionekane ya kudumu. Saruji ni ngumu na haipumui. Udongo hutanuka na kusinyaa kwa majira. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hunaswa nyuma ya plasta, mwambatano hulegea, na baada ya misimu michache plasta hubanduka kwa mabamba makubwa ikiondoka na udongo wenyewe. Dawa yake ni ya gharama ndogo: msingi wa mawe unaoinua ukuta juu ya ardhi, mfereji wa kuondoa maji, upenu mpana, kubadilisha nguzo zilizooza moja moja, na kusiriba kwa udongo wenye mchanga na kinyesi kama walivyofanya bibi zetu. Upenu hasa ndio uliosahauliwa. Ili kuokoa karatasi moja ya bati, paa hukatwa karibu kabisa na ukuta, na mvua za masika hufanya kazi yake.

Sheria za ujenzi zilichelewa kufika. Kanuni za majengo za 1968 ziliandikwa zikifikiria miji na vifaa vya kununua, na chini yake nyumba ya udongo haikuwa na nafasi mjini. Msanifu wa Denmark Kaj Blegvad Andersen alichapisha Nairobi, mwaka 1977, utafiti wa makazi ya vijijini Kenya ulioyachora maboma ya asili kwa vipimo kama kazi ya usanifu kamili, lakini ramani zilizotumika mashinani ziliendelea kuwa zile za mjini. Baada ya kaunti kuanza mwaka 2013 na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ramani za majengo huidhinishwa na serikali ya kaunti. Hata hivyo nyumba nyingi za mashambani huanzia katika mazungumzo kati ya mwenye shamba na fundi, na mara nyingi vyumba huchorwa chini kwa kijiti.

Katika miaka ya karibuni Serikali imehimiza matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine na kufungamana bila kuchomwa. Udongo mwekundu wa nyanda za juu huchanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida chini ya sehemu moja kwa kumi, ukashindiliwa na kumwagiwa maji kivulini kwa wiki moja au mbili hadi ukakaza. Haudai kuni hata kidogo, na ukuta wake hauhitaji plasta. Udongo mweusi wa mabondeni kuelekea ziwani haufai kazi hiyo, kwa kuwa hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka. Huko mawe ya shambani, yaleyale yaliyojenga Thimlich, bado yanapatikana, na msingi mzuri wa nyumba huanza nayo.