Michezo ya Kale Iliyozaliwa Jana

Ukipata nafasi, ewe msomaji, ya kuutazama mchezo wa video uitwao Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, yatazame mawingu yake, kisha uvitazame vichaka vilivyo chini. Utaona ya kuwa ni umbo moja. Kichaka ni wingu lililotiwa rangi ya kijani. Usidhani kwamba wachoraji walikuwa wavivu. Mchezo wote, pamoja na sauti zake na njia zake, ulipaswa kutoshea katika kilobaiti 40. Na mashine yenyewe, iliyoanza kuuzwa huko Japani mwaka 1983, ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu, yaani kiasi cha herufi za ukurasa mmoja wa kitabu kama hiki. Hata masharubu ya Mario yana asili ya namna hiyo. Alipochorwa mara ya kwanza na Shigeru Miyamoto, kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, vinukta vya rangi vilikuwa vichache mno hata mdomo usingeweza kuonekana. Basi akatiwa masharubu, na kofia akavikwa ili nywele zisihitaji kuchorwa.

Ufukara ule umekwisha zamani. Simu ya mkononi ya bei ndogo haina haja leo ya kugeuza wingu kuwa kichaka. Walakini tangu mwanzo wa karne hii wametokea watu, aghalabu mmoja mmoja au watatu wanne, wasio na kampuni kubwa nyuma yao, ambao kwa hiari yao wamerudi katika vinukta vichache na rangi chache. Kwa nini mtu aliyefunguliwa mikono ajifunge tena? Mshairi hatalishangaa swali hili, kwani hakuna askari amlazimishaye kuhesabu mizani wala kutafuta vina. Ajifunga mwenyewe, na katika kujifunga huko apata njia ambayo asingeiona. Lakini lipo swali la pili, nalo ndilo nitakalo tulichungue pamoja: watu hawa wairudiapo kale, huirudia kale ipi?

Tuanze na Cave Story. Mjapani mmoja, Daisuke Amaya, aliufanyia kazi kwa miaka 5 katika saa zake za mapumziko, akiandika programu, akichora, akitunga na muziki; akautoa mwaka 2004 wala hakutoza senti. Shujaa wake aamka pangoni hana kumbukumbu ya lolote. Wamo humo viumbe wadogo mfano wa sungura, wanaoonewa na kutekwa, nasi mara nyingine twafika tumechelewa. Macho yaliniambia kwamba nacheza mchezo wa utoto wa wazee wangu, ila moyo ulikana. Huzuni yahitaji maneno, na maneno hula nafasi. Ile mashine ya 1983 haikuwa na nafasi nyingi ya kuwapa wenye huzuni.

Mwaka 2010 Terry Cavanagh wa Ayalandi alitoa VVVVVV, ambao sura yake yafuata kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982. Nahodha wake hawezi kuruka hata kidogo. Awezalo ni kuugeuza uzito wa dunia, akaangukia juu badala ya chini. Pana mahali ambapo kitu cha thamani kimewekwa nyuma ya kigingi kifupi, ambacho Mario angekiruka bila kufikiri. Nahodha wetu hana budi kuanguka juu katika shimo refu lenye miiba pande zote, kisha ashuke njia ile ile, ili atue upande wa pili. Nilikufa pale mara zisizohesabika, na mke wangu akaniuliza kama kweli nalipwa kwa kazi hii.

Nawe uangalie jambo hili. Kila nilipokufa nilifufuka papo hapo, hatua chache tu nyuma. Michezo ya zamani haikuwa na huruma hiyo. Mashine za ukumbini zilikula sarafu, na mchezaji aliyekufa upesi alitia sarafu nyingine. Hivyo maisha matatu yalikuwa hesabu ya biashara kabla ya kuwa desturi. Michezo ya nyumbani ikairithi desturi ile ijapokuwa hapakuwa tena na sarafu. Cavanagh alitwaa picha za kale, mkatale akauacha.

Waliofanya hivyo kwa makusudi ya wazi kupita wote ni Yacht Club Games, kikundi cha Wamarekani waliopata zaidi ya dola 300,000 kwa mchango wa watu wengi mwaka 2013, wakatoa Shovel Knight mwaka 2014. Mtu aliyelelewa na ile mashine ya Nintendo aweza kuapa kwamba mchezo huu ulitoka humo. La, hasha! Mashine ile haikuweza kuonyesha vipande zaidi ya 8 vinavyotembea katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vilianza kupepesuka kama taa ya kibatari mbele ya upepo. Katika Shovel Knight hakuna kipepesukacho. Skrini yake ni pana kama za siku hizi, na penye upungufu katika rangi za asili, wakaongeza chache zao. Wenyewe walieleza hadharani sheria walizozifuata na walizozivunja, jambo ambalo nawasifu kwalo. Ni mfano wa nyumba ya mawe ya Lamu iliyotengenezwa upya, nyaya za umeme zikafichwa ukutani: mgeni aona kale tupu, hali fundi ajua pa kubonyeza. Kale waliyoijenga ni ile ikumbukwayo na waliokuwa watoto, siyo ile iliyokuwako. Mtoto hakumbuki kupepesuka. Akumbuka jitu lilivyotisha.

Undertale wa Toby Fox, wa mwaka 2015, waitumia sura hiyo kwa hila. Waonekana mnyonge kuliko yote niliyoitaja, nao wakuruhusu kumsamehe kila adui. Nilimuua mmoja aliyenitendea wema, nikajuta, nikarudi nyuma ili nimwokoe. Nikafaulu. Kisha kiumbe kimoja kikanicheka, kikaniambia kwamba chajua nililolitenda. Mchezo ulikuwa umeandika.

Namalizia na Celeste. Mwaka 2015, huko Kanada, Maddy Thorson na Noel Berry waliuunda kwa siku 4 ndani ya PICO-8, ambayo ni mashine isiyoshikika kwa mkono: ni programu inayojifanya kompyuta ya zamani, yenye rangi 16 na skrini ya vinukta 128 kwa 128. Kompyuta hiyo haikupata kuuzwa katika duka lolote la miaka ya 1980. Mipaka yake yote ilibuniwa. Mchezo ule mdogo ukakua ukawa mkubwa, ukatolewa mwaka 2018. Na ndani ya mkubwa, katika chumba kilichofichwa hotelini, pana kompyuta kuukuu. Ukiiwasha, wakuta humo mchezo mdogo wa 2015 mzima mzima, umehifadhiwa kama kitu cha makumbusho, ilhali wakati wa kutolewa kwa mkubwa haukuwa umetimiza hata miaka 3.