Nunda Mla Watu: Paka wa Sultani Aliyewatisha Watoto na Wakubwa

Paka wa Sultani Majnuni alianza na ndama. Watu wakaenda kumshitaki kwa mwenyewe, naye akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, kwa hiyo wamwache. Akaliwa mbuzi, akaliwa ng'ombe, akaja punda na ngamia, na jibu likawa lile lile. Siku alipokamata mtoto wa mtu, wazazi wakaja wakilia. Sultani hakubadili kauli, mtoto naye akahesabiwa kuwa mali yake. Mtu mzima alipoliwa, ikawa vivyo hivyo. Ndipo paka akauacha mji akahamia kichakani, akawa anavizia wapita njia. Sultani alikuja kushituka siku aliyotoka na wanawe kwenda kutazama mashamba: paka aliruka akawaua watatu mbele ya macho yake. Hapo ndipo alipotamka kwamba huyo si paka tena, ni nunda, mla watu.

Hadithi hii ilikuwa ikitambwa Unguja katika miaka ya 1860, na tunayo leo kwa sababu ilichapishwa London mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere, *Swahili Tales*. Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, akajifunza Kiswahili kwa bidii, na mwaka 1874 yeye mwenyewe akawekwa kuwa askofu. Alisikiliza hadithi kwa wenyeji, akaziandika kwa maneno yao, kisha akazipanga katika kurasa zinazotazamana: Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Ndani ya kitabu hicho yumo paa wa Sultani Darai, yumo kima aliyemhadaa papa, yupo Hasibu na mfalme wa nyoka. Kwangu mimi, hakuna inayoishika roho ya msikilizaji kuliko hii ya nunda, na nimeichagua kwa sababu inajibu swali ambalo wazazi na walimu huuliza kila kizazi: kwa nini watu hupenda hadithi za kutisha, na je, ni za watoto kweli?

Baada ya wana watatu kufa, anasimama mdogo wao wa mwisho, Mkaa Jikoni, ambaye nyumbani hakuna aliyemdhania kitu. Msikilizaji anamjua tayari, kwa kuwa mwanzoni mwa hadithi ndiye aliyeweza kulinda mtende wa baba yake usiliwe na ndege, baada ya kaka zake kushindwa na usingizi. Yeye alichanganya bisi na mchanga, akawa anatafuna usiku kucha; kila usingizi ulipomjia, chembe za mchanga zikamgonga meno akaamka. Sasa anachukua mkuki na kuapa kumtafuta nunda. Anaingia porini, anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani huku akiimba kwa furaha kwamba amemuua mla watu. Mama yake anachungulia na kumjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi porini, anaua fungo. Siye. Anaua punda milia, kisha twiga, kisha kifaru, kisha tembo. Kila safari mnyama anazidi ukubwa, kila safari wimbo ni ule ule na jibu la mama ni lile lile, na kila safari wazazi wanamsihi abaki nyumbani.

Mtu akiisoma hadithi hii kimya kimya atachoka na marudio hayo. Steere aliliona jambo hilo, akaeleza katika utangulizi wake kwamba hadithi za kienyeji huwa na kiitikio ambacho wote waliopo huimba pamoja, na kwamba mara nyingi wimbo ndio uti wa hadithi, mengine mtambaji huyapanga mwenyewe papo kwa papo. Kwa hiyo hebu tuiweke mahali pake. Ni usiku, maana wazee hawakupenda hadithi za mchana, kazi ikiwa haijaisha. Bibi ameita paukwa, wajukuu wameitika pakawa. Mkubwa kabisa ameegemea ukuta na kujifanya hasikilizi. Mdogo amejibana ubavuni kwa bibi. Mnyama mpya akitajwa, mdogo anaanza kuogopa. Wimbo ukianza, anaimba. Mdomo unaoimba hauwezi kulia. Mara ya tatu anaujua wimbo kuliko dada zake, na mara ya tano ndiye anayewahi kumjibu Mkaa Jikoni kwamba siye, kabla ya mama wa hadithini. Kufikia tembo, mtoto huyo ameshapandishwa ngazi ya hofu, kidato baada ya kidato, na kila kidato amekikanyaga kwa sauti yake mwenyewe.

Ninaamini siri ya mvuto wa hadithi hizi kwa watoto imo humo. Mtoto anayo hofu hata asiposimuliwa kitu. Giza analiogopa kabla hajasikia habari za zimwi, na anaogopa kupotea sokoni kabla hajaambiwa juu ya watu wanaoiba watoto. Hadithi inaipa hofu hiyo sura, jina na mwisho, na kubwa zaidi, inampa mtu mzima wa kukaa naye ikipita. Mtambaji hodari humtazama msikilizaji wake usoni. Akiona macho yamezidi kutoka, nunda anasinzia kidogo, Mkaa Jikoni anakula mkate aliooka mama yake, na pumzi zinarudi. Akiona watoto wanapiga miayo, majani yanatikisika kichakani.

Lakini hadithi ile haikutungwa kwa ajili ya watoto peke yao. Wakati Steere anaiandika, Zanzibar ilikuwa chini ya Sultani wa kweli, Sayyid Majid bin Said, aliyetawala tangu 1856 hadi 1870. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa wazi, na halikufungwa mpaka mwaka 1873, enzi ya Sayyid Barghash. Katika mji huo walikaa watu walionyakuliwa utotoni huko bara, na walikaa mabwana waliokuwa na haki ya kisheria ya kutamka kuwa mtu fulani ni mali yao. Sasa mtu mzima wa mji huo, awe mtumwa au mwungwana, asikie habari za mtawala anayeambiwa kwamba mnyama wake amekula mtoto wa mtu, naye anajibu kuwa vyote viwili ni vyake. Sisemi hadithi ilitungwa kumlenga Sayyid Majid. Hadithi za aina hii huwa na umri mkubwa kuliko sultani yeyote. Nasema tu kwamba aliyekuwa amekaa barazani akisikiliza hakuhitaji kufafanuliwa. Mtoto alisikia habari za mnyama, baba yake akasikia habari za mwenye mnyama, na wote wawili walitetemeka.

Ndugu wa nunda wako wengi katika nchi zetu. Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya ngano za Kibantu, alisimulia hadithi ya Washambaa wa Usambara kuhusu boga lililosemeshana na watoto waliokuwa wakicheza, likakua, likameza watu wa kijiji kizima hadi akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba, na mwana aliyezaliwa ndiye aliyeliua. Basotho nao wana dude lao la namna hiyo hiyo. Watu wa pwani wana zimwi, ambaye ameingia hata katika methali, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukitazama vizuri, methali hiyo ni ya wakubwa watupu: inazungumzia deni, ndoa, kazi na utawala.

Mwaka 1901 nunda alisafiri mbali. London, Andrew Lang alimwingiza katika *The Violet Fairy Book*, kimoja katika mfululizo wa vitabu vya hadithi vilivyosomwa sana na watoto wa Kiingereza, na michoro ikawa ya H. J. Ford. Sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri na kurekebisha hadithi za mfululizo huo ilifanywa na mke wa Lang, Leonora. Mwaka huo huo George Bateman alichapisha Chicago kitabu cha hadithi za Zanzibar, na Mkaa Jikoni akawamo, akiwa shujaa wa kuwinda. Nafurahi kwamba hadithi yetu ilifika huko. Hata hivyo ilipofika ilipewa chumba cha watoto, na mlango ukafungwa. Wazungu walikuwa wameshazifanyia hivyo hadithi zao wenyewe. Ndugu wa Grimm walipotoa mkusanyo wao wa kwanza mwaka 1812, mlikuwa na hadithi ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinjana. Watu walilalamika, na toleo la 1819 halikuwa nayo. Wilhelm Grimm aliendelea kulainisha hadithi nyingine hadi toleo la mwisho la 1857. Mtindo huo, wa hadithi ya kutisha iliyokatwa makucha kwa ajili ya mtoto, ndio ulioingia shuleni kwetu pamoja na vitabu vya kiada, na tangu hapo wengi wetu tumeamini kwamba mtu mzima akisikiliza ngano anapoteza wakati.

Ajabu ni kwamba wakubwa hawakuacha kuogopa. Mwaka 1937 William Hichens, aliyekuwa ofisa wa kikoloni pwani ya kusini ya Tanganyika, aliandika katika jarida la *Discovery* la Uingereza juu ya mauaji aliyoyashughulikia miaka ya 1920. Alieleza kwamba askari waliokuwa zamu ya usiku walikutwa wameuawa, na kwamba mkononi mwa maiti zilikutwa nywele za kijivu za mnyama. Watu walimwambia ni mngwa, jina jingine la nunda. Hichens alifahamu fasihi ya Kiswahili, ndiye aliyehariri *Al-Inkishafi*, na hakuwacheka waliomweleza. Hakuna mnyama wa namna hiyo aliyepata kukamatwa. Jambo linalonigusa ni kwamba watu waliokuwa wamefiwa usiku ule, wakiwa hawana maelezo, walikimbilia jina walilofundishwa na bibi zao.

Hofu isiyo na mtambaji ni kitu kingine kabisa, na Zanzibar ilikiona mwaka 1995. Habari za Popobawa, kiumbe kilichosemekana kuwavamia watu usiku, zilianzia Pemba, zikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam, katika mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Familia nzima zililala nje, zikikesha kwa makundi kando ya moto. Mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alishukiwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na umati. Uvumi ule haukuwa na kiitikio wala mtu wa kutazama macho ya wasikilizaji akapunguza makali, na hakuna aliyejua utaishia wapi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa habari za mumiani na wazima moto zilizowatia watu hofu enzi za ukoloni, kwamba kuna wanaonyonya damu za watu kwa siri. Kila uvumi wa aina hiyo ulibeba malalamiko ya kweli juu ya wenye nguvu, sawa na ya watu wa Sultani Majnuni, ila hapakuwa na Mkaa Jikoni wa kuyamaliza.

Waandishi wetu waliojua thamani ya kutisha hawakutenganisha mkubwa na mdogo. Shaaban Robert alitoa *Adili na Nduguze* mwaka 1952, na vizazi vya wanafunzi vilikisoma. Kiini chake ni jambo la kutisha: mtu mwema, liwali wa haki, kila usiku hushika mjeledi akawapiga manyani wawili, kisha huketi nao akila na kuwabembeleza kwa uchungu, kwa sababu manyani hao ni ndugu zake wa damu. Asili yake imo katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Mwanafunzi wa shule anashikwa na uchawi na majini. Mtu mzima aliyewahi kudhulumiwa na ndugu zake anashikwa na ule mjeledi.

Kisha zikaja filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa *Nsyuka* na *Shumileta*, filamu za mizuka na majini zilizotazamwa majumbani na katika mabanda ya video, na wazazi wengi wakalalamika kwamba watoto hawalali. Nawaelewa. Kioo hakimtazami mtoto usoni, na jini wa kwenye kanda hasubiri pumzi zirudi. Lakini wenye mabanda walikwisha kupata dawa, labda bila kukusudia: watafsiri wa filamu, watu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, walioweka sauti zao juu ya filamu za ng'ambo. Kazi yao inazidi kutafsiri. Huwapa wahusika majina ya mtaani, huongeza maneno ambayo mwigizaji hakuyasema, humwonya anayekaribia mlango usiofaa kufunguliwa, na hupumzisha watu kwa mzaha pale hofu inapozidi. Watazamaji nao humjibu kwa kelele, mtoto aliyetoroka nyumbani na baba wa watu wakiwa benchi moja.