Ngano Katika Nchi ya Maziwa

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa njia ya Mombasa, kisha ukakata kulia kushika njia ya Namanga, mji mkubwa wa kwanza utakaoufikia katika Kaunti ya Kajiado ni Kitengela. Asubuhi utaona pande zote mbili za barabara wanawake wakisukuma chapati, mandazi yakielea katika mafuta, na mikate imepangwa madirishani mwa maduka. Mgeni aonapo hayo hudhani kwamba ngano ni chakula cha nchi hiyo tangu kale. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo palikuwa malisho matupu, na watu wake, Wamasai, waliishi kwa mifugo yao. Nataka kukusimulia jinsi ngano ilivyofika huko, kwa sababu wako watu ambao kwao habari hiyo ni habari ya afya na maradhi. Kipande kimoja cha chapati huwadhuru, na chapati ya kila siku yaweza kuwaua polepole.

Maradhi hayo huitwa siliaki. Wajua kwamba unga wa ngano ukikandwa kwa maji huvutika kama mpira, hali unga wa mahindi humeguka. Kivutacho ni utomvu uitwao gluteni, nao umo katika ngano, na wenziwe wa karibu wamo katika shayiri na rai. Ndani ya utumbo mwembamba wa mwanadamu mna manyoya madogo mno, mfano wa mahameli, na kazi yake ni kunyonya chakula. Mwenye siliaki akila gluteni, askari wa mwili wake huinuka kupigana nayo kana kwamba ni adui, na katika vita hivyo huyaharibu manyoya hayo yenyewe. Chakula hupita bila ya kunyonywa. Mtu hula akashiba, akazidi kukonda. Damu yake hupungua, mifupa yake hulegea, na mtoto hukoma kukua. Ugonjwa huu hauambukizi, na asili yake huenda katika damu ya ukoo. Hauna dawa ila moja, nayo ni kuacha gluteni maisha yote.

Jambo hili laonekana jepesi sasa, walakini wanadamu walitumia karibu miaka 1,800 kulitambua. Aretayo wa Kapadokia, tabibu wa Kiyunani aliyeishi yapata karne ya 2, aliwaeleza wagonjwa ambao chakula kiliwatoka bila ya kusagika, akawaita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo. Ndilo asili ya jina la siliaki. Baada yake kukawa kimya kirefu. Mwaka 1888 Samuel Gee, tabibu wa London, aliandika juu ya watoto wa namna hiyo, akakata shauri kwamba kama wataweza kupona, basi watapona kwa chakula. Hapo alisema kweli tupu. Ajabu ni kwamba katika kupanga chakula chenyewe aliwakataza wali, ambao haudhuru, akawaruhusu mkate uliokatwa mwembamba na kuchomwa pande zote mbili, ambao ndio sumu! Alisimulia pia habari ya mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku akanawiri, na msimu wa kome ulipokwisha akarudi katika ugonjwa wake. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, lakini hakuna aliyeliona. Mwaka 1924 tabibu mwingine, Sidney Haas wa New York, alianza kuwalisha wagonjwa ndizi nyingi, na wengi wakaokoka. Watu wakazisifu ndizi. Ndizi hazikuwa na uganga wo wote. Fadhila yake ilikuwa kushika mahali pa mkate.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Willem Karel Dicke, tabibu wa watoto katika mji wa Hague. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku ngano, na mwaka 1941 aliandika kuwasifia wagonjwa chakula kisicho na mkate. Kisha, katika Vita Kuu ya pili, yakaja majira ya baridi ya 1944 na 1945, ambayo Waholanzi huyaita Baridi ya Njaa. Majeshi ya Wajerumani yalizuia chakula kisiingie magharibi mwa nchi. Watu wakala vitunguu vya maua na viazi vya kutengenezea sukari, na maelfu wakafa. Katika msiba huo watoto wa siliaki, ambao wangalitazamiwa kuwa wa kwanza kufa, waliendelea vema kuliko walivyokuwa zamani za shibe. Husimuliwa kwamba ndege zilipoleta mkate wakati vita vilipokaribia kwisha, watoto hao waliugua tena. Dicke hakutosheka na masimulizi. Aliwapima wagonjwa wake kwa taratibu, akiwapa ngano na kuwanyima, akaandika matokeo katika kitabu alichokitoa katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1950. Baadaye yeye na wenzake Weijers na van de Kamer walionyesha kwamba dhara imo katika gluteni.

Sasa turudi Kajiado. Wamasai wa zamani walikula maziwa, nyama na damu, na maji ya magome na mizizi waliyotia katika mchuzi. Walakini usidhani kwamba hawakujua nafaka kabisa. Wanawake walibadilishana ngozi na maziwa kwa vyakula vya wakulima jirani, hasa Wakikuyu, na wakati wa ukame biashara hiyo ilikuwa ndiyo wokovu. Baada ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na mvua ikakataa. Wamasai huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Wengi waliomba hifadhi kwa wakulima wakala chakula chao. Chakula hicho kilikuwa mtama, mawele, wimbi, viazi vikuu na kunde. Angalia, msomaji, kwamba katika vyote hivyo hamna gluteni hata chembe. Mwenye siliaki aliyezaliwa katika nchi hiyo angaliishi mpaka uzeeni bila ya kujua kwamba alikuwa na ugonjwa.

Serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na Wamasai mwaka 1904, wakahamishwa kutoka malisho mema ya Bonde la Ufa, wengine kwenda Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na wale wa Laikipia nao wakasukumwa kusini, katika nchi ambazo leo ni Kajiado na Narok. Wamasai walishtaki mahakamani mwaka 1913, wakashindwa. Wakati huo huo, huko Njoro katika Bonde la Ufa, Lord Delamere alikuwa akilima ngano. Kutu ya ngano ilimharibia mashamba, naye akamwajiri mtaalamu atafute mbegu itakayoistahimili. Mwaka 1908 ikaundwa kampuni ya kusaga, ikaitwa Unga. Hivyo unga wa ngano wa Kenya ulianzia katika malisho ambayo wenye ng'ombe walikuwa wameondolewa, na baada ya miaka mingi ukawafuata huko huko walikohamishiwa. Sioni kwamba kuna mtu aliyekusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyotokea.

Haukuwafuata kwa haraka. Reli ya Magadi ilipojengwa katika miaka ya 1910 ilipita Kajiado, na pamoja nayo wakaja wenye maduka wa Kihindi na sukari, majani ya chai na unga. Hata hivyo wataalamu John Boyd Orr na John Gilks, walipotoa taarifa yao mwaka 1931 juu ya vyakula vya Wamasai na Wakikuyu, waliwakuta Wamasai wangali watu wa maziwa na nyama, na wanaume wao kwa wastani walizidi wa Kikuyu urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23. (Orr ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa.) Kilichovunja desturi hiyo ni ukame na ardhi. Ukame wa 1960 na 1961 uliua ng'ombe wengi mno wa Kajiado, na waliobakiwa na wachache walijifunza kununua chakula. Sheria ya mwaka 1968 iliyafanya malisho kuwa mali ya vikundi. Katika miaka ya 1980 kikundi cha Kitengela kiligawa ardhi yake, kila mwanachama akapata hati, na wengi wakauza vipande. Ilipoanzishwa sehemu ya viwanda vya kuuza nje huko Athi River, kwa sheria ya 1990, wafanyakazi walimiminika Kitengela kutafuta nyumba. Mtu atokaye alfajiri kwenda kiwandani hana ng'ombe wa kukama. Hununua chai na chapati mbili, akaenda zake.

Yaliyowapata wafugaji wengine yapaswa kutufikirisha. Wasahrawi wa jangwa la Sahara ya Magharibi waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia. Tangu 1975 vita viliwatupa wengi wao katika kambi za Tindouf, Algeria, na huko chakula chao kikawa mkate wa unga wa msaada. Mwaka 1999 wataalamu walitangaza kwamba walipowapima watoto wao waliona siliaki kwa watoto 5 au 6 katika kila 100, hali Ulaya ni kama mtu 1 katika 100. Sisemi kwamba Wamasai wana urithi kama wa Wasahrawi, wala sisemi kwamba ukale wa chakula ni kinga. Wazungu wamekula ngano maelfu ya miaka na ugonjwa ungali nao, na kaskazini mwa India, nchi ya chapati, wagonjwa ni wengi. Nasema tu kwamba urithi waweza kulala kimya vizazi kwa vizazi, hata chakula kigeni kikaja kuuamsha.

Sasa mfikirie mtoto wa Kitengela mwenye siliaki. Tumbo lake limevimba, mikono yake ni vijiti, anaharisha. Jirani atasema ni minyoo, mwingine, amiba, zahanati yaweza kumdhania utapiamlo wa kwashiorkor, kwa kuwa kwa macho vyafanana. Mama, kwa huruma, humnunulia biskuti na mkate ili apate nguvu! Upelelezi wa hakika hutaka damu ipimwe, na aghalabu kipande kidogo mno cha utumbo kitazamwe kwa darubini. Wala mtu asiache ngano kabla ya kupimwa, maana akiacha, manyoya huanza kuota tena na kipimo chaweza kusema hana ugonjwa.

Akishajulikana, taabu ya pili huanza, nayo ni ya adabu. Katika sherehe za mjini na vijijini chapati imekuwa chakula cha heshima, na kukataa sahani ya mwenyeji ni kama kumtukana. Shuleni bwenini chai huja na mkate. Soseji mara nyingi huchanganywa na unga. Viazi hukaangwa katika mafuta yale yale ya mandazi. Bia hutoka katika shayiri. Unga maalumu usio na gluteni hupatikana katika maduka makubwa, lakini ni wa bei ya matajiri. Mimi naona haumpasi mtu kuusumbukia. Nchi imejaa vyakula vyake: ugali wa mahindi, githeri, wali, ndizi, muhogo, viazi, maharagwe, uji wa wimbi, nyama choma na sukuma wiki. Hata maziwa humfaa, ingawa mgonjwa mpya yaweza kumsumbua mpaka utumbo upone.

Hatari iliyobaki ni ndogo kwa macho. Kanuni ya mataifa yahesabu chakula kuwa salama kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 katika kilo moja, na kinu kilichosaga ngano chaweza kuacha vumbi lipitalo kiasi hicho. Kwa hiyo mwenye kujihadhari hununua wimbi na mtama nzima sokoni, huzichagua punje, huziosha na kuzianika, kisha humwomba mwenye kinu amsagie asubuhi na mapema, kinu kikiwa kimesafishwa, kabla ngano ya mtu mwingine haijapita.