Mganga, Tabibu na Daktari katika Mji wa Bagamoyo

Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, mtu aliyeuguliwa na mwanawe alianza kwa kuuliza nani, ndipo akauliza dawa gani. Desturi hiyo imeacha alama katika lugha. Kiswahili kina majina matatu makubwa ya mtu atibuye, nayo ni mganga, tabibu na daktari. Majina hayo hayakuingia siku moja wala kwa mlango mmoja. Kuyafuata katika mji mdogo kama Bagamoyo kwaonyesha jambo ambalo historia za tiba, kwa kupenda kuhesabu hospitali na maradhi, aghalabu huliruka: nyumba za mji ule zilitafuta mtu azijuaye, na serikali zilizofuatana zikazipa majengo.

Bagamoyo wafaa kwa uchunguzi huu kwa kuwa habari zake ziliandikwa na mwenyeji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na kufariki huko mwaka 1927, ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya habari zilizomo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Humo mna habari za waganga, za pepo na za maradhi, zimeelezwa na mtu aliyeishi nazo. Wasomi wengi wamekisoma kitabu hicho kwa ajili ya mila. Lakini chaweza pia kusomwa kama ushahidi wa jinsi mji ulivyopanga matibabu yake.

Neno mganga ndilo la zamani kuliko yote. Shina lake limeenea katika lugha za Kibantu. Wakongo wana nganga, Washona wana n'anga. Katika Kiswahili tendo la kuganga lina maana pana kuliko kutibu. Mtu huganga mfupa uliovunjika kwa kuufunga vijiti, huganga chombo kilichopasuka, na chuma au kipande cha mti kinachoshikilia vitu viwili visiachane huitwa gango. Kwa hiyo maana iliyomo katika jina la mganga ni ya mtu aungaye kilichoachana. Maana hiyo yaeleza kwa nini mganga aliitwa pia kwa ugomvi wa ndugu, kwa biashara iliyokwama na kwa shamba lisilozaa, wala watu wasione kwamba ametoka nje ya kazi yake.

Hakukuwa na mganga mmoja kwa mambo yote. Alikuwako mpiga ramli wa kutazamia chanzo cha ugonjwa, na mganga wa mitishamba, na mganga wa pepo mwenye ngoma zake. Alikuwako mpiga chuku wa kuumika damu, na mwalimu wa chuoni aliyeandika aya kwa zafarani katika sahani, akaiosha kwa maji ya marashi na kumpa mgonjwa anywe, ndilo kombe. Kumchagua hata mmoja wao ilikuwa kazi ya jamaa. Mgonjwa hakwenda peke yake. Wazee wa nyumba walikaa, wakashauriana, wakatuma mtu. Huyo aliyetumwa alikwenda kwa mtu waliyekwisha kumjua kwa baba au kwa jirani. Ada ilitolewa, na mganga asipofaulu, habari zake zilienea mtaa mzima kabla ya magharibi.

Katika mpango huo mkunga ndiye aliyeikaribia zaidi maana ya daktari wa nyumba kama inavyofahamika leo. Waganga wengine waliitwa kwa shida na kuondoka shida ilipokwisha. Mkunga aliingia nyumba zile zile miaka yote. Aliyezalishwa naye aliweza kuja kumwita amzalishe mkewe. Alijua mama yupi alipoteza damu nyingi na mtoto yupi alizaliwa dhaifu. Hakuandika lolote, na labda ndiyo sababu waandishi wamempa kurasa chache.

Walakini Bagamoyo haikuwa mji wa wenyeji peke yao. Ilikuwa bandari ya misafara, na kila mwaka wapagazi kwa maelfu waliteremka kutoka bara, wengi wao Wanyamwezi. Mpagazi aliyeshikwa na ndui au kuhara damu hakuwa na wazee wa kukaa shauri, wala jirani wa kumwambia mlango upi abishe. Misafara mingine ilisafiri na mganga wake, ambaye Wanyamwezi humwita mfumu, lakini msafara ulipoondoka mgonjwa aliweza kuachwa nyuma. Hapo ndipo palipokuwa na upungufu ambao uganga wa mji haukuweza kuujaza, kwa kuwa uliwategemea watu wajuanao. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka uliofuata kipindupindu kikaingia pwani na visiwani. Misheni ile iliwapokea wasio na jamaa, yaani watumwa waliokombolewa na wagonjwa waliotupwa. Tiba ya Kizungu, basi, iliingia Bagamoyo kupitia kwa wageni wa mji. Watu wenye nyumba zao walikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tabibu ni neno la Kiarabu, na katika pwani lilikuwa na heshima ya vitabu. Hapa pana jambo dogo litakalowapendeza wachunguzi wa lugha. Kiarabu kina maneno mawili yanayofanana: moja, lenye irabu ndefu mwishoni, ni hakiim, yaani mwenye hekima, na pia mganga wa kisomo, la pili, lenye irabu ndefu mwanzoni, ni haakim, yaani mtawala au mwamuzi. Kiswahili hakitofautishi irabu kwa urefu wa namna hiyo, na maneno yote mawili yakawa hakimu. Maana ya mwamuzi ikashinda. Kwa hiyo, ilhali India na Arabuni mgonjwa aliweza kusema anakwenda kwa hakimu, Mswahili aliyesema hivyo alieleweka kuwa ana kesi. Maana ya kale imebaki katika jina la Lukmani Hakimu, na kazi ya kutibu ikaachiwa tabibu.

Daktari ndilo la mwisho. Wengi hudhani limetoka moja kwa moja katika Kiingereza, lakini sauti yake yatia shaka. Neno la Kiingereza lilipoingia kwa masikio ya Waswahili lilizaa dokta, nalo lipo mpaka leo kama cheo kitanguliacho jina. Daktari yafanana zaidi na daktar ya Kigujarati, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamekaa Unguja na Bagamoyo kabla ya Wajerumani kupandisha bendera. Yaelekea, basi, kwamba watu wa pwani walilisikia jina la mganga wa Kizungu kutoka kinywani mwa Mhindi. Hata fedha zilifuata njia hiyo. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyezaliwa mwaka 1851 na kufa mwaka 1897, ndiye aliyetoa mali ya kujenga hospitali huko Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake na kumalizika mwaka huo huo aliofariki. Hospitali hiyo ilitumika hadi mwaka 1956, ilipofunguliwa ile ambayo sasa ni Muhimbili, na jina lake limehifadhiwa katika jengo moja la wodi huko.

Lakini Dar es Salaam si Bagamoyo. Mwaka 1891 Wajerumani walikwisha kuhamishia makao yao Dar es Salaam, na mji wa misafara ukaanza kupungua. Madaktari waliofika Bagamoyo wakati wa vita vya 1888 na 1889 walikuwa zaidi wa jeshi. Mgonjwa wao mashuhuri alikuwa Emin Pasha, naye mwenyewe daktari, aliyeanguka kutoka dirishani usiku wa karamu mwezi wa Desemba 1889 akavunjika fuvu. Waswahili husema mganga hajigangi. Watu walimwita daktari wa Kijerumani bwana mganga, na jina hilo lastahili kupimwa: hawakusita kumpa mgeni jina la kazi waliyoijua. Tofauti ilikuwa katika kukaa. Daktari wa jeshi alihamishwa kwa amri, na aliyekuja baada yake alianza upya, hamjui mtu.

Waingereza walipotawala, katika miaka ya 1920, zahanati ndogo zilianza kufunguliwa chini ya serikali za wenyeji, na ndani yake wakawekwa Waafrika waliofundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa. Daktari alikuwa mbali. Huyu alikuwa karibu. Huenda elimu yake ilikuwa chache, lakini alisema lugha ya mgonjwa na aghalabu alijua ukoo wake, na watu wakamwita mganga kama walivyomwita yule wa mitishamba. Mwaka 1928 serikali ilitunga sheria ya uchawi, na jina hilo hilo likaanza kusimama kwa mashaka mbele ya mahakama, kwa kuwa sheria ya namna hiyo iliweza kumgusa mpiga ramli pia.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, serikali ilieneza zahanati vijijini kwa bidii kubwa. Hata hivyo, mwaka 1977 matibabu ya binafsi ya kutafuta faida yalipigwa marufuku, na hayakuruhusiwa tena mpaka mwaka 1991. Kwa miaka 14, basi, mwenye nyumba katika mji mdogo hakuwa na haki ya kumchagua daktari wake kwa ada yake, jambo ambalo babu yake alilifanya bila kuomba ruhusa. Faida ya mpango ule isidharauliwe: maskini alipata dawa. Lakini aliipata kwa yeyote aliyekuwa zamu.

Lugha ya serikali, kwa upande wake, haikulitupa neno lolote kati ya yale matatu, bali iliyapanga kwa vyeo. Mkuu wa tiba wa wilaya huitwa Mganga Mkuu, na msimamizi wa kituo ni Mganga Mfawidhi, ingawa wote wawili waweza kuwa wamesoma Chuo Kikuu. Tabibu ni jina la cheo kilicho chini ya daktari, na heshima ya vitabu iliyokuwa nayo zamani imepungua. Mganga wa mitishamba, aliyekuwa na jina hilo kabla yao wote, hulazimika kuongezewa maneno: mganga wa kienyeji, au, tangu sheria ya mwaka 2002, mganga wa tiba asili. Mkunga hakubadilishwa; serikali ilimwongezea neno mbele, akawa muuguzi mkunga, na yule wa mtaani akaitwa mkunga wa jadi.