Taka za Nyumba Katika Fiqhi na Historia: Nani Azitenganishe?

 

Tangu tarehe 9 Desemba 2015, siku ambayo sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, watu wa miji yetu wamezoea kushika mafagio Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jumamosi moja ya namna hiyo mwandishi wa makala haya alikuwa Korogwe, nyuma ya chuo kimoja cha Qur'ani. Kila kilichofagiliwa kiliwekwa lundo moja: maganda ya machungwa na ndizi, majivu, magunzi, chupa za maji, vipande vya salfeti na pampasi za watoto. Kiberiti kilikuwa kimekwisha tolewa mfukoni, mara mzee mmoja akainama, akachomoa karatasi mbili zilizoloa. Zilikuwa za Juzuu Amma. Mzee hakusema neno, alikwenda nazo kwenye ndoo. Upande wa pili wa lundo mbuzi watatu waliendelea kula.

Mwanafunzi mmoja akauliza: "Maalim, kule Ulaya nasikia kila nyumba ina mapipa matatu manne, la karatasi mbali, la chupa mbali, na gari hupita mlangoni kuyachukua. Sisi dini yetu imesema lolote katika hili, au ni mambo yao tu?" Swali hili linastahiki jibu refu kuliko lile alilopewa siku ile.

Ni kweli kwamba mapipa ya Ulaya yana historia yake. Mkuu wa mkoa wa Seine huko Paris, Eugène Poubelle, alitoa amri mwaka 1883 kuwa kila mwenye nyumba aweke vyombo vya taka mlangoni, na amri hiyo ilitaka taka zitenganishwe: zinazooza peke yake, karatasi na matambara peke yake, vigae, vioo na makombe ya chaza peke yake. Wafaransa wakaliita pipa la taka kwa jina lake mpaka leo. Lakini anayedhani kutenganisha kulianza hapo na asome vitabu vyetu.

Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria (868 au 869 Miladia), katika kitabu chake cha habari za mabakhili anamtaja mwenye nyumba mmoja, Al-Kindi, aliyewawekea wapangaji wake masharti ya ajabu. Kinyesi cha mnyama wao ni chake, mabaki ya malisho ni yake, kokwa za tende na maganda ya komamanga ni yake, na wasitupe mfupa wala kutoa nje taka za kufagia. Al-Jahiz anasimulia ili tucheke, na kweli tunacheka. Lakini msomaji wa fiqhi anaona jambo jingine: masharti hayo hayana maana ila katika mji ambao kila aina ya taka ina mnunuzi wake. Samadi ina mkulima wake, na kokwa zina mwenye ngamia. Taka zilikuwa mali, na ndiyo maana bakhili alizitolea macho.

Katika kitabu hichohicho yumo bibi mmoja, Muadha al-Anbariyya, aliyeletewa kondoo wa kuchinja akaingiwa na huzuni, si kwa uchache wa nyama bali kwa kuogopa kupoteza sehemu yoyote. Pembe akaijulia kazi, ni ndoano ya kutundikia vikapu. Utumbo ukawa nyuzi za upinde wa kuchambulia pamba, mifupa ya kichwa ikachemshwa ikatoa mafuta ya taa, iliyobaki ikawa kuni, ngozi ikawa mfuko, na kinyesi kikakaushwa kikawa kuni pia. Ikabaki damu. Bibi huyu alijua kwamba Mwenyezi Mungu ameharamisha kuila na kuinywa damu inayomwagika, akawa anatafuta matumizi yasiyo hayo, mpaka akakumbuka vyungu vipya vinavyopakwa damu ya moto ili viimarike. Wanazuoni wa Kishafii watakuwa na neno juu ya vyungu hivyo. Lakini tazama jinsi alivyofikiri: hakuuliza kwanza kitu hiki akitupe wapi, aliuliza hukumu yake ni ipi.

Na kufikiri huko hakukutoka hewani. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye kondoo aliyekufa, ambaye alipewa mjakazi aliyeachwa huru wa Bibi Maymuna (r.a.), akawauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Walipojibu kuwa ni mzoga, akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kuula. Katika Muslim, kutoka kwa Jabir (r.a.), imo amri ya kuokota tonge lililoanguka, kulipangusa na kulila, wala kutomwachia shetani. Humo pia, kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.), mifupa na kinyesi cha wanyama vimekatazwa kustanjia, kwa kuwa mifupa ni chakula cha ndugu zetu majini na kinyesi ni cha wanyama wao. Kwa hiyo katika nyumba ya Mwislamu mkate, mfupa, ngozi na samadi havijawahi kuwa kitu kimoja kiitwacho taka. Ama karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu ndiyo iliyokuwa ya mwanzo kutengwa. Uthman (r.a.) aliamuru nyaraka zilizobaki za Qur'ani zichomwe baada ya kunakiliwa misahafu, na baada yake maulamaa wakatofautiana: wapo waliopendelea kuosha wino, wapo waliopendelea kuzika mahali pasipokanyagwa, wapo waliochoma. Wengine walihifadhi tu. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakikarabati Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, walikuta maelfu ya vipande vya misahafu mikongwe vikiwa vimehifadhiwa juu ya dari. Hakuna mwanachuoni aliyesema vitupwe na maganda.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba miji ya Waislamu ilikuwa safi siku zote. Tabibu Ibn Ridwan wa Misri, katika karne ya 5 Hijria, alilalamika kuwa watu wa Fustat hutupa paka na mbwa waliokufa njiani, na kuwa uchafu wao huishia katika Mto Nili wanaokunywa. Ndiyo sababu ya kuwako muhtasib. Vitabu vya hisba, kama kile cha Al-Shayzari, vinamtaka azuie mifereji ya nyumba isimwage maji machafu njiani, na amlazimishe mwenye nyumba kuchimba shimo ndani kwake. Ona wajibu ulipowekwa: juu ya aliyeuzalisha uchafu, pale nyumbani kwake.

Sasa turudi kwetu. Wazee wa Handeni na Korogwe nao walikuwa na mpango wao bila ya kuuita jina. Pumba kwa kuku, magunzi jikoni, jivu la kusugulia sufuria na la kutia shambani, kifuu kikawa upawa, na kilichobaki kikaenda jaani nyuma ya nyumba, kikaoza, mwakani pakapandwa maboga. Mpango huo ulivunjwa mara mbili.

Mara ya kwanza ni mkonge. Miche iliyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ilizaa mashamba yaliyojaa bonde la Mto Pangani, Ngombezi, Magoma na Hale. Katika kilo 100 za majani yanayopita katika mashine ya korona (wazee walilijua neno hili kabla ya maradhi), nyuzi ni kilo 4 hivi tu. Yaliyobaki, maji na makapi machachu yanayonuka, kwa miaka mingi yaliachwa yatiririke mitoni. Ilichukua zaidi ya karne moja mpaka mwaka 2008, pale Hale wilayani Korogwe, ulipozinduliwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme.

Mara ya pili ni plastiki, na hapa pana jambo la kustaajabisha. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa zimeshuka hadi tani 20,000 hivi. Sababu ni nyingi, lakini kubwa miongoni mwake ni kamba na magunia ya nailoni na plastiki yaliyonyang'anya soko la singa zetu. Gunia la mkonge lilipochakaa lilioza. Salfeti iliyochukua nafasi yake ndiyo ile tuliyoikuta kwenye lundo. Mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na alhamdulillah tofauti inaonekana. Chupa, salfeti na pampasi zimebaki.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 20 ya mwaka 2004, inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa aina mbalimbali za taka kutenganishwa pale zinapozalishwa. Na mahakama nayo ilikwisha sema. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo lililokuwa karibu nao, wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Hukumu hiyo inaafikiana na hadithi ya Ibn Majah na Malik inayokataza kudhuru na kulipiza madhara. Lakini taka zile zilikwenda wapi? Zilikwenda Vingunguti, kisha Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Wanafunzi wa kawaidi za fiqhi wanajua kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, na dampo linalohamishwa huku mifuko imechanganywa vilevile ni madhara yanayobadilishiwa majirani tu.

Korogwe na Handeni hatuna gari lenye kupita mlango kwa mlango likichukua chupa mbali na maganda mbali. Tulio nao ni waokota chupa na wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopita na viroba na mikokoteni. Hao ndio wanaotutenganishia, kwa mikono mitupu, baada ya sisi kuchanganya. Kifiqhi wana haki ya wanachookota, maana kilichotupwa na mwenyewe kwa kutokitaka ni halali kwa mwenye kukiokota. Suala linabaki kwetu sisi tunaotupa.

Na hapa hukumu za Kishafii, ambazo wengi wetu tunazifuata, zinalipeleka suala mlangoni mwa kila nyumba. Ganda la ndizi ni tohara. Chupa ni tohara. Pampasi iliyotumika ni najisi. Vikikutana vikiwa na umajimaji katika kiroba kimoja, najisi huenea. Chupa inaweza kuoshwa, lakini kwa maji ya nani? Anayeijua Handeni na shida yake ya maji hataliona swali hili dogo. Bomba kuu la Handeni, lililojengwa miaka ya 1970, huvuta maji katika Mto Pangani, mto huohuo unaopita Korogwe, na uchafu unaotupwa kandokando ya mto unarudi kwa ndugu zetu ndani ya ndoo. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Dawud kutoka kwa Muadh (r.a.), alitahadharisha na kujisaidia penye vyanzo vya maji, akalihesabu katika mambo yanayoleta laana.

Ama mabaki ya chakula na maganda, hayo hayaoshwi. Yakitengwa tangu jikoni yakaozeshwa, ni mbolea tohara, na kijana anayeiuza bei yake ni halali bila shaka yoyote. Yakichanganyika na pampasi au samadi, yameingia katika mlango mwingine. Imam Shafii na wafuasi wake hawasahihishi kuuza kilicho najisi kama samadi, ingawa kuitia shambani wanairuhusu. Njia waliyoiacha wazi ni mtu kuondoa mkono wake juu yake kwa malipo, bila ya kuwa ni mauzo. Abu Hanifa aliruhusu kuuza samadi, na kwa Malik kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara. Pampasi haimo katika rukhsa ya hata mmoja wao. Kwa hiyo mama anayetumia ndoo mbili jikoni badala ya moja ndiye anayeamua kama kijana yule ataandikiana mkataba wa kuuza au la.

Wabaki mbuzi wetu watatu. Fuqahaa wanamwita mnyama alaye najisi jallala (msomaji asimchanganye na jalala letu), na Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kukatazwa nyama yake na maziwa yake. Kwa Imam Nawawi ni makuruhu ikiwa nyama imebadilika, kwa Imam Rafii ni haramu, na hukumu huondoka anapofungiwa na kulishwa malisho safi mpaka harufu iishe. Ibn Umar (r.a.) kuku alimfungia siku tatu, na katika vitabu vya madhehebu mbuzi ametajiwa siku saba. Mbuzi wa majalala ya miji yetu huuzwa sana siku za kukaribia Idi ya kuchinja. Anayemnunua kwa udhhiya na amuulize muuzaji alikuwa akilishwa wapi, na asipopata jibu la kumtuliza, amnunue mapema, amfunge nyumbani wiki moja kabla ya mwezi 10 Mfunguo Tatu.

Wallahu aalam.