Scott, Lord Francis

Lord Francis Scott (1879–1952) alikuwa askari wa Uingereza aliyegeuka mkulima, kisha mwanasiasa wa walowezi nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa Duke wa sita wa Buccleuch. Alijeruhiwa mguu katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1914, na jeraha hilo likamsumbua maisha yake yote. Baada ya vita alipata shamba kupitia mpango wa kuwagawia ardhi askari wa zamani, akajenga nyumba ya Deloraine huko Rongai, magharibi mwa Nakuru. Ardhi ya eneo hilo la Bonde la Ufa walowezi waliiita tupu, ingawa Wamaasai walikuwa wameondolewa humo kwa mkataba wa 1904.

Aliwakilisha Bonde la Ufa katika Baraza la Kutunga Sheria. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alipofariki mwaka 1931, Scott ndiye aliyeshika uongozi wa wajumbe wa Kizungu. Alikuwa mpole kuliko mtangulizi wake, lakini lengo halikubadilika: kuzihifadhi Nyanda za Juu kwa Wazungu. Katika baraza hilo Wazungu walichagua wajumbe 11, Wahindi 5. Mwafrika wa kwanza barazani, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa.